Bi Nusaiba Hauzi Diski Asiyoijua

Duka la Bi Nusaiba Haidar halina bango. Liko Madungu, Chake Chake, katika chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Ukipita mbio utadhani ni kwa mshonaji, kwa sababu meza iliyo dirishani ni meza ya cherehani iliyokwisha kung'olewa cherehani yake. Juu yake zimelala kompyuta zilizofunguliwa matumbo, kopo la maziwa lililojaa bisbisi, na brashi ndogo za rangi anazofagilia vumbi. Mwenyewe ana miaka hamsini na tatu na miwani jozi mbili, moja machoni na moja juu ya mtandio, na mara nyingi huitafuta ile ya kichwani.

Nimesoma teknolojia ya habari chuoni miaka mitatu. Nilifundishwa mengi, na mengine nimeyasahau. Lakini kazi ya fundi ni nini hasa, na fundi anaidai nini nafsi yake, hilo nimelijua kwa mwanamke huyu ambaye hakuwahi kukaa darasa la kompyuta hata siku moja. Inaniuma kuona watu wa aina yake wanapitwa kila siku kama ukuta wa njiani, huku tukishangilia wenye suti na vyeti. Ndiyo maana naandika. Nitasimulia wiki moja tu, ya mwezi wa Novemba, wiki ambayo kompyuta ya mdogo wangu Khairat ilizima katikati ya mechi.

Khairat anasomea ualimu, ana miaka ishirini na moja, na anacheza mpira wa kwenye kompyuta kwa mkono mtulivu na ulimi mkali. Mashine yake tuliiunganisha wenyewe, kipande kimoja kimoja, kwa mwaka mzima. Mwaka huo aliingia mashindano ya vijana thelathini na mbili wa Unguja na Pemba, kila mtu akicheza kwao kupitia mtandao. Wanne bora wangekwenda Dar es Salaam. Kutoka Pemba walikuwa wamebaki wawili, na msichana alikuwa yeye peke yake.

Sheria ya mashindano ilikuwa fupi. Mashine yako ikikutoa mchezoni mara ya kwanza, unasamehewa na mechi inarudiwa. Ikikutoa mara ya pili, umeondoka.

Jumanne alasiri Khairat alikuwa anaongoza mbili bila katika mechi ya kuingia wanne bora. Dakika ya sabini skrini ikaganda, ikawa nyeusi, kisha kompyuta ikajiwasha upya na kuandika kwamba haioni diski yoyote. Msamaha wake ukaishia hapo. Mechi ikapangwa kurudiwa Jumamosi.

Diski hiyo ilikuwa ya pili kufa ndani ya mwaka mmoja. Ya kwanza ilikufa Ramadhani.

Jumatano asubuhi nilikwenda Madungu nikiwa na maiti ya diski mfukoni. Ilikuwa SSD, ile aina mpya isiyo na sahani inayozunguka, nyembamba kama kipande cha chingamu. Bi Nusaiba alikuwa anakunywa chai.

"Sabalkheri, Bi Nusaiba."

"Sabalkheri, mwanangu. Mbona watweta, wafukuzwa na nani?"

"Tunaibiwa," nikamwambia. Nikaanza kumweleza namna visiwa vyetu vilivyogeuzwa jaa, namna vitu vinavyokataliwa kwengine vinavyoletwa kwetu vikiwa vimepigwa lebo mpya, na kwamba vijana tunatakiwa tukatae, tuandike, tupige kelele.

Alinisikiliza akiipokea ile diski na kuiangalia kwa miwani ya kwanza, kisha ya pili. "Umemaliza?"

"Bado."

"Basi pumzika kidogo, utamalizia. Ya kwanza ilikuwa ya kampuni hii hii?"

"Ya kampuni nyengine."

"Duka moja?"

"Maduka mawili. Ya kwanza ilitoka Dar, hii nimeinunua hapa hapa mjini."

"Kampuni mbili, maduka mawili, chumba kimoja," akasema na kuiweka mezani. "Mie ningekwenda kukiuliza chumba."

Sikutaka kwenda kukiuliza chumba. Nilitaka kile nilichokuwa nimekiona katika kabati lake la kioo, diski mpya ya terabaiti mbili, yenye kasi ambayo hata katika matangazo nilikuwa naitazama kwa tamaa. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Hiyo imekuja juzi," akasema. "Haijakaa fungate."

Nilisikia kicheko kutoka mlangoni. Alikuwa Mabruki, fundi saa wa duka la jirani, ambaye kila asubuhi huja kuazima sukari na kukaa nusu saa.

"Hujaambiwa?" Mabruki akaniuliza. "Bi Nusaiba haziuzi diski, aziozesha. Siku saba ndani, hazitoki nje, hazionwi na mtu."

"Na wewe, Mabruki, saa zako zaenda kwa dua," akajibu Bi Nusaiba bila kugeuka. "Chukua sukari wende."

Fungate hiyo si mzaha, ingawa mtaa mzima wanaifanyia mzaha. Kila diski inayopita mikononi mwa Bi Nusaiba, mpya au iliyotumika, anaifunga katika kompyuta yake ya kazi kwa siku saba. Anaijaza mpaka pomoni, anaisoma tena kutoka mwanzo na kulinganisha kila faili na asili yake, anaifuta, anaijaza upya. Anataka kujua imeshafanya kazi saa ngapi katika maisha yake, inapata joto kiasi gani ikishughulishwa, na ikipata joto inafanyaje. Anataka kujua ni nani atakayeipokea ikirudishwa kwa dhamana yake. Ukubwa na kasi anaviangalia mwisho, kama mtu anayekagua shamba akaacha rangi ya geti kwa kuondokea.

"Lakini siku saba hatuna," nikasema. "Mechi ni Jumamosi."

"Nimesikia."

"Asilimia kubwa ya diski mpya ni nzima, Bi Nusaiba. Hii ni hesabu, si maneno yangu."

"Nayo nimesikia." Akaivuta miwani chini. "Nilikuwa karani wa skuli kule kaskazini, upande wa Wete. Wenzako walikwambia nilikotoka?"

Hawakuwahi kuniambia. Akanieleza pale pale, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya sokoni. Skuli yao ilipewa kompyuta yake ya kwanza, na yeye aliyekuwa akipiga chapa kwa mashine ya zamani akaamriwa ahamishie humo kila kitu. Akahamisha. Mwaka ule akaingiza majina ya wanafunzi mia na kumi na sita wa kufanya mtihani wa taifa, pamoja na taarifa zao zote, akaviweka mahali pamoja tu, kwenye diski ya mashine ile. Siku nne kabla ya mwisho wa kupeleka majina, diski ikakata roho. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Akaazima baskeli, akazunguka shehia moja baada ya nyengine, nyumba kwa nyumba, akiandika upya kwa kalamu.

"Mia na kumi na tano niliwapata," akasema. "Mmoja kwao walikuwa wamehamia dago, kambi ya wavuvi, kisiwa cha mbali. Sikumfikia. Wenzake wakafanya mtihani, yeye hakufanya."

"Haikuwa kosa lako."

"Mama yake aliniambia hivyo hivyo." Akasimama, akachukua mkoba na brashi mbili. "Haya, twende kwenu."

Alijifunza kazi hii baada ya hapo, kwa vitabu vya kuazima na kwa kuzifungua mashine mbovu ambazo ofisi zilikuwa zinazitupa. Wakati huo watu walimcheka, mwanamke mtu mzima kaketi sakafuni na bisbisi. Leo ofisi zile zile zinamtumia mashine zao zikiwa zimefungwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga.

Kwetu, kompyuta ya Khairat inakaa chumba cha ndani, kwa sababu ndicho chumba chenye kufuli nzuri. Mama yetu, Bi Mwanamize, alimpokea mgeni kwa uso mkunjufu, na kabla hatujaketi alikuwa keshaanza kuulizia watoto, wajukuu, na mguu wa Bi Nusaiba uliokuwa ukimsumbua tangu mwaka jana. Bi Nusaiba alijibu yote kwa utaratibu. Kisha akaingia chumbani, akasimama katikati, akavuta pumzi kwa pua.

"Karafuu ziko wapi?" akauliza.

Mama akaona fahari. Akamwonyesha nyuma ya meza ya kompyuta. Palikuwa na mapolo matatu, magunia ya karafuu kavu, yamesukumwa mpaka yakagusana na mgongo wa mashine. Mama ana mikarafuu tisa ya urithi upande wa Chokocho, na alikuwa anasubiri uchumaji wa mwisho umalizike azipeleke zote kuuzwa kwa pamoja.

"Mvua za vuli mwaka huu zimewatia watu hasara," mama akasema. "Mtu aanika asubuhi, adhuhuri mvua, karafuu zageuka mpeta, nyeupe, hazina bei. Mie zangu nimezileta hapa. Mashine hii yapumua joto, bi. Joto kavu, la bure, kutwa nzima akicheza huyu. Hebu zitazame."

Mimi na Khairat tulitazamana. Miezi yote ile tuliyaona mapolo yale kama tunavyoyaona katika nyumba yoyote ya Pemba wakati wa msimu, yaani hatukuyaona.

Bi Nusaiba alifungua polo, akachukua karafuu moja, akaivunja kwa kidole gumba. Ikavunjika kwa mlio mkavu.

"Kweli zimekauka," akasema. "Na vizuri. Hii akili yako, Bi Mwanamize, hata mafundi wa feni hawana."

Mama akacheka, akajifunga vizuri kanga.

"Na za msimu uliopita, ulizikausha hapa pia?"

"Hapa hapa. Mpaka Ramadhani."

Bi Nusaiba akalifunga tena lile polo. Alinitazama tu juu ya miwani, na mimi nikatazama miguu yangu. Nilikumbuka hotuba yangu ya asubuhi kuhusu visiwa kugeuzwa jaa. Bado naiamini hotuba ile, lakini siku hiyo haikuwa mahali pake.

Alipofungua ubavu wa kompyuta harufu ikatujaa puani. Vumbi la karafuu, lenye mafuta yake, lilikuwa limegandia kwenye mapanga ya feni, kwenye nyaya, na hasa kwenye ile nafasi nyembamba ambamo diski inalala chini ya kadi ya picha, mahali penye joto kupita pote.

"Hili si vumbi," akasema Bi Nusaiba. "Hili ni pilau."

Alifanya kazi saa mbili, brashi na pamba na spiriti, akipangusa kila panga la feni kama anayemwosha mtoto masikio. Mapolo yakahamishwa, na mahali pekee penye ukavu palipobaki ni chumba changu. Nimelala na karafuu mpaka msimu ulipokwisha.

Ndipo likaja swali la diski. Khairat alikuwa ameketi kitandani, amekumbatia mto.

"Niwekee ile mpya, Bi Nusaiba," akasema. "Chumba kimeshapona. Ikiwa nzima, nimesalimika."

"Na ikiwa si nzima?"

Khairat akaubana mto kifuani.

"Yawezekana ni nzima," akaendelea Bi Nusaiba. "Kaka yako kanambia nyingi ni nzima, na kweli. Lakini ile mie siijui. Nikikupa Jumamosi ikakutoa mchezoni, nitakwambia nini? Nitakwambia nyingi ni nzima?"

"Sasa nitacheza na nini?"

"Nipe mpaka kesho," akasema, akakusanya brashi zake.

Alhamisi asubuhi alirudi na diski mkononi, imefungwa ndani ya kitambaa cha leso. Haikuwa ile ya kabati la kioo. Ilikuwa SSD ya mtindo wa zamani kidogo, bapa, kubwa kiasi cha pakiti ya karata, lebo yake imefifia.

Khairat aliisoma lebo. "Gigabaiti mia tano? Bi Nusaiba, hii ya kuwekea picha za harusi."

"Basi Jumamosi utacheza na picha za harusi. Futa michezo mingine yote, bakisha mmoja."

"Yote?"

"Kwani Jumamosi utacheza mingapi?"

Nikamuuliza hii imekaa fungate lini. Akaniambia, huku akikaza skrubu, kwamba imekaa miaka minne. Ilichukua muda mpaka nikaelewa. Alikuwa ameitoa katika kompyuta yake mwenyewe, ile ya kazi, ile anayojaribia diski za watu wote wa Chake. Usiku ule alinakili kazi zake zote mara mbili, mahali pawili mbalimbali, akaing'oa. Na Alhamisi na Ijumaa, nilipopita dukani, nilimkuta anaandika kazi za wateja kwa kalamu katika daftari la mistari.

"Hii naijua," aliniambia nilipoanza kumpinga. "Imeona umeme ukikatika, imeona joto la Februari, imejazwa na kumwagwa sijui mara ngapi. Najua ikichoka inafanya nini. Haina mbio. Wataka mbio au wataka ifike?"

Hakuiweka mahali pa ile ya zamani chini ya kadi ya picha. Aliipeleka mbele ya kasha, kwenye mdomo wa feni inayoingiza hewa, akaifunga kwa vibanio viwili na kuuvuta waya wake mpaka huko. Mchezo ukafunguka taratibu zaidi kuliko zamani, Khairat akanung'unika, kisha akazoea. Siku mbili hizo alicheza mfululizo mpaka mama akauliza kama vitabu vya ualimu navyo vimefutwa pamoja na michezo mingine.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri chumba kilijaa. Walikuja wanafunzi wenzake Khairat, akaja binamu yetu Ummi na sinia la visheti, akaja hata Mabruki, aliyedai amekuja kuangalia saa ya ukutani. Mpinzani alikuwa kijana wa Unguja, Jabir, aliyetangulia kuandika mtandaoni kwamba Pemba watu wanacheza kwa majenereta. Khairat alimjibu kwamba jenereta nalo litamtosha.

Bi Nusaiba alikuja kimya, akavuta kigoda, akakaa nyuma ya meza. Alikaa pale yalipokuwa mapolo, uso ukutani, mgongo kwa watu wote, mkono wake mmoja umenyooka mbele ya tundu la hewa. Ummi akamwambia ahamie upande huu aone mchezo.

"Niko sawa hapa," akasema.

Jabir alifunga la kwanza. Khairat akasawazisha, akaongeza la pili kwa mpira wa kona, na chumba kikatetemeka. Kabla ya mapumziko Jabir akasawazisha. Kipindi cha pili hakikuwa na goli kwa muda mrefu. Kisha, dakika ya sabini na nne, wachezaji wote wakaganda uwanjani.

Mkono wa mama ukashika bega langu mpaka ukaniuma. Nilimwona Khairat akiyaondoa macho kwenye skrini na kutazama kule nyuma ya meza, kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

Bi Nusaiba hakugeuka. Aliinamisha sikio, akagusa kasha kwa vidole viwili.

"Mtandao huo," akasema. "Mashine i salama. Cheza."

Wachezaji wakaanza kukimbia tena. Sijui kama ni ile sauti au ni nini, lakini kuanzia pale Khairat alicheza kama mtu aliyetuliwa mzigo. Dakika ya themanini na nane alimpita beki wa kushoto, akarudisha mpira nyuma, akapiga. Tatu kwa mbili. Filimbi ilipolia hatukuisikia, kwa kelele za Ummi, na visheti vilikuwa vimetapakaa sakafuni.

Khairat alipita katikati yetu sote, akazunguka meza, akapiga magoti mbele ya kile kigoda. Bi Nusaiba alikuwa bado mkono wake uko tunduni.

"Imezima?" akauliza.

"Haikuzima, Bi Nusaiba. Nimeshinda. Nakwenda Dar."

Mwanamke yule alianza kuitafuta miwani, akaipata kichwani, akaivaa ili amwone vizuri.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa nenda kaizime taratibu, usichomoe waya. Ngojea feni zisimame zenyewe."